Trekta la Kongwa

Nikisema lipo, nasema trekta. Nikisema yupo, nasema mtu. Sisi wa Tongoni tumelelewa hivyo, na mtoto aliyechanganya mambo haya alichekwa mpaka akaona heri ardhi ipasuke immeze. Maisha yangu yote nimewasahihisha watu maneno yao, wengi wao bila kuniomba. Mke wangu Mwamvua husema siku ya kuzikwa kwangu nitamsahihisha hata atakayenisomea talakini. Basi ni kwa ujuzi huo huo wa lugha nilimharibia rafiki yangu Manase, na nitaeleza ilivyokuwa bila kujipamba.

Manase ni Msambaa wa Vuga, Mlutheri, mtu mrefu wa kuinama mlangoni. Alipanga chumba cha uani nyumbani kwangu Nguvumali, Tanga, mwaka wa hamsini na moja, akawa dereva wa trekta kwenye shamba la mkonge la Mgiriki mmoja. Alikuwa na kijiti cha mti mgumu, kirefu kama mkono. Trekta likigoma, ncha moja aliiweka kwenye injini na ncha ya pili akaiuma kwa meno, kisha akafumba macho. Alisema mifupa ya kichwa inasikia kuliko masikio. Madereva wenzake walimcheka, na kila walipokwama walimwita.

Ufundi huo aliupata Kongwa, enzi zile Waingereza walipotaka kulima karanga mpaka upeo wa macho. Huko ndiko alikompata Beatrisi, binti wa Kinyamwezi ambaye baba yake alikuwa mpishi wa kambi. Beatrisi Mkatoliki, Manase Mlutheri. Padre alisema abadili huyu, mchungaji akasema abadili yule, na wao wawili wakaishi pamoja wakingoja wakubwa wapatane. Mimi Mwislamu mambo hayo sikuyaelewa kamwe. Akazaliwa mtoto wa kike, wakamwita Lea. Kisha karanga zikashindwa, kambi zikavunjwa, na wafanyakazi wakapewa tikiti za kurudi makwao. Manase alipewa tikiti ya mtu mmoja, maana kwenye karatasi hakuwa na mke. Lea alikuwa na miezi minne na homa kali. Manase akamwambia Beatrisi, ningoje msimu mmoja, nitakuja kuwachukua.

Msimu mmoja ukawa miaka minne. Mtaniuliza kwa nini hakwenda. Karani wa shamba alimwandikia barua mbili za kumpelekea Beatrisi, hazikujibiwa. Ya kwanza alidhani imepotea. Baada ya ya pili akaanza kuogopa. Labda mama ameolewa. Labda mtoto alikufa kwa homa ile ile. Maadamu hakwenda, hakuna aliyemwambia lolote kati ya hayo, na aliweza kuamka asubuhi akaenda kazini. Lakini akimwona mtoto wa kike barabarani, alimwuliza mama yake umri wake. Akiambiwa ana miaka mitatu na nusu, kama Lea, alisimama na kiganja chake pajani, akipima kimo. Wanawake wa Nguvumali mwanzoni walimwogopa. Baadaye Mwamvua aliwaeleza, wakawa wanamletea watoto wenyewe apime.

Mwisho wa mwaka wa hamsini na nne tulikuwa na shauri letu, mimi na yeye. Marehemu mama yangu aliniachia ardhi Maramba, na majirani wa huko walikuwa wakililia mtu wa kuwalimia mahindi kabla ya masika. Tukakubaliana tununue trekta lililotumika, ardhi yangu na mikono yake. Manase alikuwa amekwisha waagiza madereva wa malori waulizie huko waendako. Basi ikaja barua kutoka Kongwa.

Mwandishi alikuwa Kristofa, Mngoni wa Songea, aliyepaka grisi pamoja na Manase enzi za karanga na hakuondoka. Manase alisoma madarasa mawili tu. Herufi za chapa alizimudu, mwandiko wa mkono ulimshinda, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsomea. Nilishindwa kujizuia. Kristofa aliandika hivi: "Trekta yupo hapa, anauzwa. Mzee kidogo lakini ana nguvu. Hanywi mafuta mengi. Amelala bandani peke yake."

Nilicheka mpaka nikafuta machozi. "Maskini, peke yake," nilisema. "Trekta huyu hajaoa?"

Manase hakucheka. "Hakumtaja mtu mwingine?" aliuliza.

"Kamtaja trekta tu. Watu wa bara nao, Kiswahili wamekiokota njiani."

Wiki mbili baadaye tukasikia la pili, na hili lilikuwa pale pale Maramba. Mzungu mmoja mzee alikuwa anarudi kwao na anauza kila kitu. Tulikwenda kulitazama. Manase alizungusha hendeli, likakohoa, likawaka kwa petroli, akalihamishia mafuta ya taa. Akauma kijiti chake. Alikaa hivyo muda mrefu, mate yakimtoka pembeni mwa mdomo, Mzungu akitutazama kama tuna wazimu.

"Beringi ya pili imelegea," alisema mwisho. "Na gia inaruka kwenye mteremko. Litalima misimu miwili. Likibembelezwa, mitatu."

"Basi si lafaa?"

"La Kongwa ni bora."

"La Kongwa umelisikia wapi wewe?"

"Nalijua. Nililiendesha mwenyewe."

"Miaka minne iliyopita. Mimi miaka minne iliyopita nilikuwa na meno yangu yote."

Tulibishana njia nzima mpaka Nguvumali, na siku tatu nyingine juu yake. Nilimwuliza nani atalileta. Akasema yeye, kwa barabara, Kongwa mpaka Morogoro, Morogoro mpaka Handeni, Handeni mpaka Korogwe, siku kumi na mbili. Nikamwuliza mvua ikimkuta Handeni atafanyaje. Akasema atalala chini ya trekta. Nikamwuliza mtu mwenye akili anaachaje kitu kilicho mbele ya macho yake akafuata kitu cha kusimuliwa na mtu asiyejua hata kusema lipo. Hapo alichukua kijiti chake akaenda kulala, nami nikajiona nimeshinda. Miye nilidhani tunabishana juu ya trekta.

Mwamvua alikuwa akitukunia nazi akitusikiliza. Manase alipokwenda kulala, aliniambia, "Baba Idarusi, huyo hataki trekta. Mwanamume hawezi kusimama akasema anakwenda kumtafuta mke aliyemwacha na mtoto mgonjwa. Lakini akisema anakwenda kutazama trekta, nani atamcheka? Mwache aende."

Maneno yake yaliniingia, lakini nina kichwa kigumu, na nilitaka kuonekana mwenye busara. Nikaleta shauri la katikati. Tumwandikie Kristofa kwanza, alitazame trekta kwa niaba yetu, kisha tuamue. Lau ningemwachia mtu yule nauli na njia, nisingekuwa na kisa cha kusimulia.

Barua tuliiandika Jumapili moja ya Januari. Manase alisema, mimi nikaandika, na sijapata kuona mtu akiuliza hivyo. Moshi wa asubuhi ni wa rangi gani, na baada ya robo saa je. Mafuta ya injini yakitiwa kidoleni yananuka kuungua au hayanuki. Rejeta inavuja wapi. Klachi inashika juu au chini. Apande nalo kilima, aachie mguu, asikilize. Tulijaza kurasa mbili. Nikamwuliza kama nifunge barua.

"Bado," alisema. Akatazama mikono yake. "Mwishoni kabisa, kwa mwandiko mdogo. Andika, na yule Beatrisi wa kambi namba tatu, kama yupo, nijulishe."

"Niandike na mtoto?"

"Usiandike mtoto."

Niliandika kama alivyosema. Ilibaki nafasi ndogo chini ya ukurasa, mstari ukapinda ukapanda pembeni.

Simu ya maandishi ilikuja katikati ya Februari. Tarishi wa posta aliileta mwenyewe kwa baiskeli, na mtaa mzima ulinyamaza, maana Nguvumali simu ilikuwa ikija kwa kifo tu. Niliifungua barazani. Ilikuwa ya herufi kubwa za chapa: YUPO MZIMA ANANGOJA MPAKA MWISHO WA MWEZI NJOO KRISTOFA.

Nikaanza kucheka. Manase alirudi kutoka kazini, nikamwita kwa mbali. "Njoo uone. Trekta wenu mzima, hajambo, anakusalimu."

Aliichukua ile karatasi, akaisoma peke yake, midomo ikitembea. Akaweka kidole. "Hapa si pameandikwa yupo?"

"Pameandikwa."

"Na hapa mzima."

"Mzima."

"Anangoja," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Manase, umesahau barua ile? Trekta yupo, trekta amelala, trekta hanywi. Sasa trekta anangoja. Kwa Kristofa hata sufuria ina roho. Kingekuwa Kiswahili cha mtu anayejua, angesema lipo, zima, linangoja. Maana yake halijauzwa, watatungojea mpaka mwisho wa mwezi."

Alinitazama. Nayakumbuka macho yale. Alikuwa ananiomba kitu, nami sikukiona, nilikuwa nashughulika na sarufi. "Soma wewe," alisema. Nikasoma. Akaniambia nisome tena. Nilisoma mara nne.

"Wewe ndiye mwenye lugha," alisema mwisho, akaikunja karatasi vizuri akanirudishia. Alikaa ukingoni mwa baraza. "Nilimwuliza mambo mawili."

"Ulimwuliza mambo ishirini."

"Mawili. Moja amelijibu. Kristofa ni mtu mzuri. Hawezi kuniambia habari hiyo kwa simu. Kwa hiyo amenyamaza."

Asubuhi, kabla hajatoka kwenda kazini, aligonga mlango wangu. "Tununue la Maramba," alisema. "La Kongwa ni mbali mno."

Nami nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilimpiga begani, nikamwambia sasa umeongea neno la mtu mzima. Nilikwenda kumweleza Mwamvua kwamba mwenzetu amezinduka. Mwamvua aliuliza Kristofa kasemaje juu ya yule mama. Nikamwambia hakusema kitu. Akaacha alichokuwa akifanya, akasema "maskini," basi.

Tukanunua. Manase aliacha kazi ya mkonge akahamia Maramba, akalima Februari iliyobaki na Machi yote, alfajiri mpaka jua linazama. Alilibembeleza trekta lile kweli kweli, na watu walimpenda, maana hakulalamika na hakuruka kona za mashamba. Lakini nilipokwenda kumwona alikuwa amepungua. Kula alikula. Kucheka alicheka nikimtania. Ila nilimwona mara moja mwanamke amepita na binti yake mdogo, na Manase hakuuliza umri, aligeuza uso. Nilijisemea, ameanza kusahau, ni heri. Wallahi nilisema hivyo.

Barua ilifika Aprili, mvua zimekwisha anza. Niliusoma mwandiko wa Kristofa nikiwa nimesimama pale pale mlangoni.

"Ndugu Manase, salamu nyingi. Barua yako alifika. Nilikupigia simu, hukuja. Trekta aliuzwa kabla ya barua yako kwa Mhindi wa Dodoma, sikuona sababu ya kulipia maneno yake kwenye simu. Mtu haandiki kurasa mbili za moshi kwa ajili ya moshi. Nilijua unachouliza ni kile cha mwisho. Nilimtafuta Beatrisi siku tatu, nikamkuta Mlali kwa mama yake mdogo. Hakuolewa. Barua zako hakuziona. Kaka yake alikuwa amekuja kumchukua kumrudisha kwao. Nilipompa habari yako alimwomba kaka yake angoje mpaka mwisho wa mwezi, kaka akakubali kwa shida. Walingoja mpaka mwisho wa mwezi na siku nne juu yake. Lea anajua kusema sana. Aliniuliza huyo mtu anayekuja ni mrefu au mfupi. Wamekwenda Tabora na mbele ya Tabora. Jina la kijiji nilitajiwa sikulishika, nisamehe."

Nilikaa chini. Niliirudia ile simu kichwani nikitafuta kosa lake la lugha, nikaona hakuna. Mtu alikuwa amesema yupo, naye yupo. Amesema mzima, naye mzima. Kwa mara ya kwanza Kristofa alikuwa ameandika Kiswahili sahihi, na mimi, Miraji wa Tongoni, nilikuwa nimekisoma vibaya.

Nilikunja barua nikaitia mfukoni. Sitaki kusema uongo, nilikusudia ikae humo. Nani angejua? Lakini Mwamvua aliniona.

"Ya nani?"

"Ya Kristofa."

"Umeshamsomea mwenyewe?"

"Nitamsomea."

"Lini?"

Akaninyooshea mkono nimpe. Nikamweleza yote, kwa sababu uso wangu ulikuwa umekwisha mweleza nusu. Aliketi kando yangu, akalia, mimi sikuweza kulia. Kisha alijifuta kwa ncha ya kanga. "Baba Idarusi," alisema, "ama umsomee leo, ama naipeleka kwa mchungaji wake amsomee. Chagua."

Nikapanda basi la Maramba. Nilimkuta kwenye shamba la Bi Semeni, mjane mmoja, akilima kipande cha mwisho. Nilisimama kando kwenye tope mpaka alipogeuka. Aliniona, akapunguza moto bila kuzima, kwa kuwa kuliwasha tena ilikuwa kazi.

"Zima," nilimwambia.

Alizima. Nilimsomea kutoka mwanzo mpaka mwisho, na pale pa simu sikuruka, nikaongeza kwa mdomo wangu kwamba kosa lilikuwa langu. Alikuwa bado amekaa juu ya kiti cha trekta, mikono kwenye usukani. Nilingoja anitukane. Nilitaka sana anitukane.

"Soma tena hapo pa Lea," alisema.

Nikasoma.

"Tena."

Nikasoma mara ya tatu. Manase alishuka. Machozi yalikuwa yanamtoka na wala hakuyaficha. "Anajua kusema," alisema. "Mimi nilikuwa nimemzika, Bwana Miraji. Tangu siku ile ya simu nilikuwa nimewazika wote wawili."

Alipanda tena, akamalizia kipande cha Bi Semeni, kwa sababu mvua ilikuwa inakaribia na mjane hakuwa na mtu mwingine. Kisha akanawa kwa mafuta ya taa na mchanga, akafunga blanketi lake. Kesho yake asubuhi tulikuwa wote wawili kituo cha mabasi Tanga, yeye na sanduku lake la bati, mimi na maneno niliyoyapanga usiku kucha.

"Manase, nisamehe," nilisema. "Ningekwambia yupo ni mtu, ungekwenda."

Alikuwa amekwisha weka mguu mmoja kwenye ngazi ya basi. Alirudi chini.

"Usijibebeshe yote," alisema. "Siku moja nilipotoshwa na lugha yako. Miaka minne kabla yake barabara ilikuwepo na nauli ilikuwepo. Nilikuwa nataka kwanza niambiwe wapo, ndipo niende. Yeye Beatrisi hakuambiwa lolote, na alingoja."

Akapanda. Hakuwa na wa kumwonyesha kijiji, hakuwa na jina la kuulizia, alikuwa na Tabora na mbele ya Tabora tu. Nilimwona dirishani amekaa na sanduku magotini, akitazama mbele.

Huu ni mwaka wa tatu. Trekta analiendesha mtu mwingine, na lingeweza kwenda kwa wanunua vyuma chakavu na nisiumie roho. Barua haijaja. Nimemwandikia Kristofa mara mbili, na kila mara amejibu kwamba Manase alipita, alilala kwake siku moja, akaendelea na safari. Chumba cha uani sijampangisha mtu. Mwamvua hukifagia, na sisi wawili hatuzungumzi kwa nini. Nina hamu na mtu yule, sijui nisemeje zaidi.

Watu wa Maramba wanapenda kumwulizia. Bi Semeni kila nikipita huniuliza, habari za Manase? Nami nina mdomo uliozoea kujibu watu vizuri. Namwambia hajambo, Bi Semeni, hajambo kabisa, na mkewe na mtoto. Kisha nakwenda zangu upesi kabla hajaniuliza nimejuaje.